Hakimu Ndani ya Ndoo ya Rangi

Njombe, 12 Januari 2025

Mama Mkubwa Auleria,

Shikamoo. Nimefika salama, na blanketi ulilonilazimisha kubeba ndilo linaloniweka hai. Huku baridi ya Januari haijui kwamba ni Januari. Mwambie Bi Ahlam kashata zake zilikwisha kabla sijamaliza kufungua begi. Bweni zima linamsalimu bila kumjua.

Sasa Hakimu. Siku tuliyomchota kwenye shimo la mchanga nyuma ya nguzo za umeme alikuwa na sentimita tatu. Jina nimempa kwa ajili yako: anakaa kimya chini ya ndoo, unadhani kasinzia, halafu ghafla anatoa hukumu. Mchotee maji ya mvua au ya shimoni tu. Ya bomba yana dawa, na dawa itamuua. Mpe viluwiluwi kila baada ya siku mbili. Kijiti kisitoke, maana siku yake ya kuwa kereng'ende atapanda juu yake kutoka majini. Kipande cha chandarua kibaki juu ya ndoo.

Na tuliyokubaliana stendi ya Mbezi yasimame. Utaniandikia ulichokiona, hata kikiwa kibaya. Miaka thelathini na moja umeandika habari za mahakamani, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwandishi haandiki asichokiona. Barua yako ya tarehe 12 Novemba 2022 bado ninayo. Inasema: "Mama yako anaendelea vizuri, wewe fanya mtihani." Mama alikuwa amezikwa tarehe 9. Sirudii hili ili tugombane, tulishalia wote wawili. Nataka tu kuizoea tena bahasha yenye mwandiko wako. Tuanze na mdudu.

Mtihani wa kidato cha sita unaanza mwanzoni mwa Mei. Niombee.

Mwanao,
Bupe


Kinyerezi, 26 Januari 2025

Bupe mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Hapa hatujambo. Mjomba wako Benson wa Morogoro amepata mtoto wa tatu, wa kike, kilo tatu na nusu. Kunguru wameiba sabuni ya Ahlam mara mbili wiki hii.

Taarifa ya Hakimu. Jumamosi tarehe 18, saa tatu asubuhi, nilimtazama kwa kioo cha kukuzia na kumpima kwa futi kamba ya cherehani: sentimita nne kasoro kidogo. Rangi ni kahawia iliyochanganyika na kijani, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Miguu sita. Mgongoni ana vipande vinne bapa, ambavyo kwa maelezo yako ni mabawa yanayosubiri zamu. Macho ni makubwa kuliko kichwa kinavyostahili.

Nilimtilia kiluwiluwi cha chura. Kwa dakika kumi na mbili hakutikisika. Kisha chini ya kidevu chake kikafyatuka kitu kama mkono uliokunjwa, kikarudi mahali pake, na kiluwiluwi kikawa mdomoni. Sijapata kuona kesi ikiisha haraka namna ile.

Jumatano alipita bwana afya anayekagua mazalia ya mbu. Akaiona ndoo.

"Mama, maji yaliyotuama haya. Hapa kuna faini."

Ahlam akajibu kutoka upande wake wa ukuta, maana yeye hajawahi kungoja aulizwe: "Faini ya nini? Humo mna anayekula mbu kuliko wewe na pampu yako!"

Bwana afya akachungulia. "Ana jina huyu?"

"Hakimu," nikamwambia.

"Basi mie sina mamlaka," akasema, akaenda nyumba ya pili.

Kula vizuri. Ukipata homa, sema siku hiyohiyo.

Mama Mkubwa


Njombe, 9 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imesomwa kwa sauti bwenini mara tatu, na sasa kila msichana anayechelewa kujibu swali darasani tunamwita Hakimu. Mtihani wa majaribio umeisha. Kemia imenipiga, baiolojia nimeipiga mie.

Hiyo ndoo ina maajabu ambayo hujayataja. Huyo anapumua kwa nyuma. Anavuta maji kwa mkundu, samahani lakini ndiyo hali halisi, na mashavu yake ya kupumulia yamo humohumo ndani. Mguse kwa unyasi. Atayasukuma yale maji nje kwa nguvu na kuchomoka mbele kama risasi. Atajivua ngozi mara kumi na kitu kabla ya kumaliza, na kila akijivua vile vipande vya mabawa vinakuwa vikubwa zaidi. Wakati ukikaribia ataacha kula, atasogea juu karibu na kijiti, na utamwona ametoa kichwa nje ya maji. Hapo usimsumbue.

Swali moja. Mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Maneno matano yanajaza mstari. Zamani barua yako yote ilikuwa inaenea ukurasa mmoja.

Bupe


Kinyerezi, 23 Februari 2025

Bupe mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua bado, joto limezidi, na Ahlam anajiandaa kwa Ramadhani kama mtu anayehama nyumba.

Alhamisi wanajumuiya walikuja kusali kwangu. Maji ya ndoo yalikuwa yamegeuka kijani, na ndoo iko palepale wanapovulia viatu. Nimeyaweka sawa. Sasa unaona mpaka chini.

Hakimu ametulia. Hajala kwa siku tatu.

Karatasi ninazo nyingi. Sioni sababu ya kuubana mwandiko.

Mama Mkubwa


Kinyerezi, 16 Machi 2025

Bupe mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 3, inayosema kuacha kula ni dalili njema, imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli.

Mwaka huu mfungo wa Ahlam na Kwaresma yetu vimegongana, kwa hiyo mtaa mzima una njaa mchana na jioni kila mtu anakaangia mwenzake. Jana nimekula futari yao: tambi, mihogo ya nazi na samaki.

Hakimu anaendelea vizuri. Tarehe 11 alijifunga ndani ya kifuko cha nyuzi kama hariri, ubavuni mwa kijiti. Yumo ndani, ametulia. Tusubiri.

Wewe soma.

Mama Mkubwa


Njombe, 27 Machi 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Kereng'ende hana kifuko. Kipepeo anacho, nondo anacho. Kereng'ende anatoka kwenye ngozi ya utoto moja kwa moja, amesimama juu ya kijiti. Hakuna siku katika maisha yake anayojifunga ndani ya hariri.

Kwa hiyo hukukiona ulichoandika.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko somo lolote wiki hii. Kinachoniumiza si mdudu. Ni hayo maneno mawili, "anaendelea vizuri". Ndiyo maneno yaleyale. Na safari ile yalipokuja, sababu ilikuwa mtihani, na sasa mtihani uko mlangoni tena.

Nimekwenda kwa matroni kuomba kupiga simu nyumbani. Amesema simu ni kwa msiba au ugonjwa, nilete barua inayosema hivyo. Nikamwambia, "Mwalimu, shida yangu ni kwamba kwetu hawaandiki barua za hivyo." Akadhani namfanyia dhihaka.

Mama Mkubwa, nani anaumwa? Kama ni wewe, niambie. Kama ni Mjomba Benson au mtoto wake, niambie. Nikifeli, nitafeli nikiwa najua.

Msalimie Bi Ahlam. Nakupenda, na nimekasirika.

Bupe


Kinyerezi, 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Bupe mwanangu,

Marahaba. Benson mzima, mtoto mzima, Ahlam mzima. Hakuna aliyekufa isipokuwa Hakimu. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Hakimu nilimuua mimi, tarehe 20 Februari, asubuhi, kabla ya wanajumuiya kufika. Nilichukua chupa ya dawa ya maji ya kunywa, nikatia vizibo viwili ndani ya ndoo. Nilidhani ninamfanyia wema. Kwangu maji ya kijani hayajawahi kukaa mbele ya wageni.

Uliniandikia kwamba dawa itamuua. Mstari huo sikuusoma. Nilikwambia barua yako nimeisoma, na hiyo haikuwa kweli: nilisoma nusu. Mwandiko wako ni mdogo kama njia ya sisimizi, na macho yangu yana mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia zaidi. Nilijua tangu Oktoba. Ahlam angenisomea. Sikutaka ajue.

Kwa siku nne niliendelea kumtilia viluwiluwi. Nilipokuandikia tarehe 23 kwamba ametulia, niliamini ninachoandika. Kesho yake Ahlam alikuja kuazima kinu, akachungulia.

"We Auleria, unalisha maiti."

"Amelala."

"Amelala huku anaelea? Na mie nikielea hivyo utasema Ahlam kalala?" Kisha akanigeukia akanitazama usoni kwa muda. "Humwoni, sivyo? Hata mie hapa hunioni vizuri."

Nikamwambia ninamwona. Akanyoosha vidole, akauliza ni vingapi. Nikasema vitatu. Akashusha mkono, akaenda kuketi kwenye ngazi, hakusema neno, na wewe unamjua Ahlam. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kifuko nilikitoa kwenye picha ya ukutani ya darasa la sita: yai, kiwavi, kifuko, kipepeo. Nilidhani wadudu wote wamesoma shule moja. Nilitaka kupata mwingine wa kumweka badala yake, usijue. Katika miaka thelathini na moja ya kazi sikuandika hata mstari mmoja wa namna hiyo. Nimeandika barua mbili za uongo maishani mwangu, na zote zimekuja kwako.

Ile ya kwanza ilikuwa uamuzi wa kikao cha ndugu. Walisema mtoto aliye kwenye mtihani hapelekewi msiba, na kwa kuwa mwandishi ni mimi, niandike mimi. Ningeweza kukataa. Jovina alikuwa mdogo wangu, nilikuwa nimetoka kumzika, na nilipoandika "anaendelea vizuri" nilipata kama dakika tano za kuona kwamba ni kweli. Hiyo haiwi sababu. Nakueleza ilivyokuwa.

Sasa mambo yaliyopo. Nimekwenda kliniki ya macho Mwananyamala, nimepimwa, na jicho la kulia litafanyiwa upasuaji Jumanne tarehe 6 Mei. Daktari amesema ni jambo la dakika chache, narudi nyumbani siku hiyohiyo. Najua hiyo ni wiki ya mtihani wako. Benson alisema nisikuambie. Nimemwambia safari hii kikao nimekaa peke yangu na nimeshaamua.

Jambo la mwisho. Jumamosi iliyopita mimi na Ahlam tulikwenda shimoni. Mvua imelijaza, matete yamesimama pande zote, na kwenye maji yaliyotulia kuna yungiyungi. Mimi nilisikia mabawa, yeye aliona. Ninayoandika hapa ni maneno yake: kereng'ende dume mrefu kuliko kidole chake cha kati, kifua cha kijani, mkia mweusi wenye pingili za njano, anapita juu ya maji kutoka kona hadi kona na kumfukuza kila anayeingia. "Huyu ni mwenye nyumba anayedai kodi," akasema Ahlam. Jike alikuwa ameshika bua la yungiyungi, mkia umezama, anatoboa bua na kupenyeza mayai humo.

Ahlam akakunja buibui mpaka magotini, akaingia na kichujio cha nazi. Alimpata mtoto wa kereng'ende mara ya saba. Sentimita tano, vipande vya mabawa vimevimba. Maji tumechota ya hukohuko. Ahlam amempa cheo cha Hakimu wa Rufaa.

Usiponisamehe kabla ya mtihani si neno. Fanya mtihani.

Mama Mkubwa Auleria


Njombe, 22 Aprili 2025

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Pasaka tumekula wali na kuku, robo kuku kwa watu wawili, na mimi nilikuwa na mwenzangu mwenye mkono mrefu.

Na mimi nina la kusema. Barua yako hii ilikaa chini ya mto wangu siku tatu kabla sijaifungua. Zote huwa nafanya hivyo, tangu 2022. Zinakuja, naziweka, najiambia leo sitaki kujua. Hata ile ya bwana afya niliyocheka nayo ilikaa siku mbili. Sikukwambia kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajifunza kusema kweli, nikajisahau mwenyewe.

Nimelia kwa ajili ya Hakimu wa kwanza, nikacheka kwa ajili ya vizibo viwili. Ungekuwa unaona, ungemtilia na sabuni.

Usisogeze tarehe ya upasuaji. Tarehe 6 nina karatasi ya kwanza ya baiolojia asubuhi. Nitaandika huku nikijua uko wapi, na hiyo ni afadhali mara mia kuliko kuandika huku nikikisia.

Mwandiko wa barua hii nimeukuza. Umeuona?

Bupe


Kinyerezi, 4 Mei 2025

Bupe mwanangu,

Marahaba. Nimeuona, nimeusoma mwenyewe bila Ahlam, na amenuna.

Taarifa. Hakimu wa Rufaa aliacha kula tarehe 28 Aprili. Tangu tarehe 1 alikaa juu ya kijiti, kichwa nje ya maji. Leo saa kumi na moja na robo alfajiri Ahlam, aliyekuwa ameamka kuswali, alinigongea dirisha: "Toka! Mahakama imefunguliwa!"

Nilitoka na kioo cha kukuzia na tochi. Alikuwa amepanda shubiri nzima juu ya maji. Ngozi ilikuwa imepasuka nyuma ya kichwa. Kilitoka kifua, kikatoka kichwa, miguu ikatoka, kisha akajitupa nyuma akaning'inia kichwa chini, mkia bado umo ndani ya ngozi. Alikaa hivyo dakika ishirini na sita. Ahlam alisema amekufa. Nilimwambia safari hii tungoje. Kisha akajikunja kwa nguvu, akaishika ngozi yake mwenyewe kwa miguu, akavuta mkia ukatoka. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama leso iliyofuliwa. Yalinyooka polepole, yakiwa na weupe wa tui jepesi. Saa moja kasorobo yalikuwa yameanza kuwa kama kioo. Mwili ulikuwa wa rangi ya majani machanga. Sikuona weusi wala njano. Macho sikuyaona vizuri. Ahlam anasema ni ya kijani yenye kijivu. Nimeandika kwa ushahidi wake.

Saa moja na dakika ishirini alifungua mabawa, akaanza kutetemeka. Hapo mtu akagonga geti. Ni Farhan, mpwa wa Ahlam, ameleta maziwa. Nilikwenda kufungua, Ahlam akanifuata kumkaripia. Dakika nne. Tuliporudi hakuwepo.

Sikumwona akiruka. Kwenye ukuta palikuwa na kunguru mmoja, na mdomoni hakuwa na kitu, lakini hilo nalo namnukuu Ahlam. Chini hatukukuta bawa wala mguu. Ahlam anasema ameruka. Mimi ningependa iwe hivyo. Naandika kwamba sijui.

Gamba lake lilibaki limeshika kijiti. Nimeliweka katika kiberiti, ndani ya pamba. Utaona lina tundu mgongoni, na nyuzi nyeupe ndani yake. Hizo sijui ni nini, utaniambia wewe.

Bahasha siifungi mpaka baada ya Jumanne.

9 Mei. Nimefanyiwa. Jana bandeji imetolewa. Ninaona Ahlam ana mvi nyingi kuliko nilivyokumbuka, nimemwambia, amenifukuza. Kuna uchungu kidogo na machozi yanatoka, na daktari hajasema ni lini nitafanyiwa la kushoto. Hayo ndiyo yote. Hakuna nililoacha.

Mama Mkubwa


Njombe, 20 Mei 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mwandiko wa tarehe 9 umerudi kuwa mdogo, na sasa mimi ndiye ninayetafuta kioo cha kukuzia.

Gamba limefika. Mguu mmoja umevunjika njiani, wa kushoto wa nyuma. Zile nyuzi nyeupe ni bitana ya mirija yake ya hewa. Akitoka, zinang'oka na kubaki ndani ya gamba. Nimelionyesha darasa zima, pamoja na matroni, ambaye ameuliza kama huyo ndiye mgonjwa niliyetaka kumpigia simu.

Karatasi ya tarehe 6 ilikuwa na swali la wadudu wasiopitia hatua ya kifuko. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Mengine sijui, matokeo yatasema.

Kuhusu kunguru, na mimi naandika kwamba sijui. Inatosha.

Barua yako imeletwa langoni leo saa nane mchana, wakati wa chakula. Nimeifungua hapohapo, nimesimama, mlinzi bado ameshikilia daftari nitie saini.

Bupe